Sahani Mbili za Bi Ardis

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlio jikoni, mlio ghalani na ng'ombe, mlio ndani ya gari mkingoja barafu iyeyuke kiooni, sogezeni redio karibu. Saa hii kwa kawaida huwa ya muziki. Leo hatupigi muziki. Leo tunamkumbuka mtu.

Tunamkumbuka Ardis Halvorsen, Bi Ardis wetu wa Mtaa wa Tatu, hapa hapa Alder Prairie. Amefariki Ijumaa iliyopita, siku moja tu baada ya Sikukuu ya Shukrani. Alikuwa na miaka sabini na minane. Tumemzika jana. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: Bi Ardis Halvorsen hatunaye tena.

Nusu ya mji huu imekula kutoka mkononi mwake. Alipika katika shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa anajua ni mtoto gani ametoka nyumbani bila kula. Hakumuuliza kitu. Alimwekea andazi la pili kwenye sinia, akageuka upande mwingine kama vile hakujua alichofanya.

Alipostaafu, tukamwomba aje redioni. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatano ya kuamkia sikukuu, alikaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, na chupa yake ya kahawa, akijibu simu za watu waliokwama na bata mzinga wa sikukuu. Mnakumbuka yule bwana mdogo aliyeoa mwaka ule, akataka kujaribu kupika siku moja kabla?

"Mama Ardis, bata wangu yuko kwenye oveni tangu asubuhi. Mbona ananuka plastiki?"

"Baba, ule mfuko wa maini na shingo uliokuwa tumboni mwake, uliutoa?"

Tukasikia mlango wa oveni ukifunguliwa, halafu: "Mfuko gani?"

"Zima jiko, mwanangu. Kisha nenda kaombe radhi kwa mama mkwe, mapema, kabla hajafika."

Tulicheka mpaka nikashindwa kusoma taarifa ya hali ya hewa. Huyo ndiye Bi Ardis mliyemjua ninyi. Sasa niwaambieni yule ambaye wengi hamkumjua. Watoto wake wameniruhusu niseme. Wote wawili wameniruhusu, kila mmoja kwa kinywa chake.

Bi Ardis alizaa watoto wawili. Loren, mwanamume, ndiye aliyebaki na shamba la ng'ombe wa maziwa, maili kumi na moja kutoka mjini. Gwen, binti, ni muuguzi, anaishi mitaa minne tu kutoka kwa mama yake. Baba yao, mzee Orville, uzeeni alianza kupotewa na kumbukumbu. Alimwita Gwen kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Aliamka kwenda kukamua ng'ombe wake wa zamani, ambao walishauzwa miaka ishirini nyuma. Gwen alitaka mzee apelekwe kwenye makao ya wazee, apate watu wa kumwangalia. Loren akakataa. Akasema, "Baba hafi kwa wageni. Nitamwangalia mimi."

Miaka sita iliyopita, asubuhi moja ya Januari, Loren alikuwa na zamu ya kukaa na mzee kule shambani. Ghalani ng'ombe akashindwa kuzaa. Loren akatoka. Alidhani ni dakika ishirini. Ikawa saa nzima. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi. Mzee Orville alikutwa kwenye uzio, ana soksi tu miguuni, kwenye baridi ile mnayoijua. Akafa siku ya tatu.

Siku ya mazishi, mbele ya jeneza, Gwen akamwambia kaka yake, "Umemuua baba."

Loren akajibu, "Wewe ulishamtupa siku nyingi."

Wasikilizaji wapendwa, hayo yalikuwa maneno ya mwisho kati yao. Miaka sita. Walipishana dukani, wakapishana kanisani, bila salamu.

Na mama yao katikati. Kila Sikukuu ya Shukrani alikula mara mbili. Saa saba mchana alikula kwa Gwen: bata, viazi vya kuponda, mchuzi, pai ya maboga. Kisha akapanda gari, akaendesha maili kumi na moja, na saa kumi akakaa kwa Loren, akala tena bata, viazi, mchuzi, pai. Miaka mitano mfululizo. Huku hakutaja alichokula kule. Jirani yake, Bi Bernadine, aliniambia, "Ardis alikuwa anarudi amejishika tumbo. Nikimwambia punguza, ananijibu, 'Nikibakiza kwa mmoja, atajua nimempenda mwenzake zaidi.'"

Mwaka huu, mwezi Septemba, daktari alimwambia kwamba moyo wake ni mgonjwa. Hakumwambia mtu isipokuwa Bernadine. Na akaamua kwamba sikukuu hii atapika yeye, nyumbani kwake, mezani kwake.

Jumatano iliyopita, simu ya mwisho ilipokwisha na maikrofoni imezimwa, alinisogelea akaninong'oneza. "Nimesema uongo mara mbili wiki hii. Nimemwambia Gwen kwamba Loren yuko kaskazini anawinda kulungu. Nimemwambia Loren kwamba Gwen anakwenda kwa wakwe zake. Kesho saa saba wote wako kwangu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Bi Ardis, watakuua."

Akafunga chupa yake ya kahawa. Akasema, "Waniue wakiwa wamekaa pamoja."

Alhamisi aliamka kabla ya mapambazuko. Bernadine aliona taa ya jikoni. Alimpika bata wa ratili kumi na nane. Alikaanga mkate na vitunguu na seleri kwa ajili ya kumjazia bata tumboni. Alitengeneza ile mikate myembamba ya viazi aliyofundishwa na bibi yake Mnorwe, ambayo Loren alikuwa akiila utotoni kwa siagi na sukari. Kwa Gwen alichemsha kranberi, yale matunda madogo mekundu machachu, na maganda ya chungwa. Alitandika kitambaa cheupe, akakipiga pasi pale pale juu ya meza.

Gwen alifika kwanza, peke yake, mumewe alikuwa zamu kazini. Alikuwa amebeba bakuli la viazi vitamu. Loren, ambaye hakuoa, aliingia kwa mlango wa nyuma na buti zake, na lile koti lake la rangi ya machungwa la kuwindia. Gwen akageuka. Wakaonana.

"Mama," Loren akasema, "lile gari nililoliona nje ni la nani?"

"La dada yako. Vua buti, unanichafulia sakafu."

Gwen akaweka bakuli chini. "Mama, umenidanganya."

"Nimewadanganya nyote, hakuna aliyeonewa. Kaeni. Chakula kinapoa. Mkitaka kugombana, mgombane mmeshiba."

Na wakakaa. Gwen ameniambia hakujua kwa nini alikaa. Labda ni ile sauti, sauti ya jiko la shule, ambayo mtu anaitii kabla hajafikiri.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, kama nyumba nyingi za huku. Kabla kisu hakijamgusa bata, kila mtu anataja jambo moja analoshukuru. Bi Ardis akaanza. Akasema, "Nashukuru nimewaona nyote wawili kwenye meza moja, na macho yangu bado yanaona." Akamtazama mwanawe.

Loren akainamia sahani. Kisha akasema, "Mimi namshukuru baba, kwa sababu..."

"Usithubutu," Gwen akasema. "Usimtaje. Wewe mtu wa kumtaja baba, wewe?"

Loren alisimama, akachukua koti, akavaa buti bila kufunga kamba. Mlangoni akasema, "Samahani, Mama." Akaondoka. Gwen alilia kidogo, akasema hawezi kula, naye akaondoka. Bata alikuwa mzima mezani. Hakuguswa.

Sasa sikilizeni alichofanya Bi Ardis. Alimkata bata yule peke yake. Alipakua sahani mbili zilizojaa. Moja aliweka paja, mikate ya viazi na mchuzi mwingi. Nyingine aliweka kidari na kranberi. Akazifunika kwa karatasi ya foili, akazipakia kwenye gari. Akaenda kwa Gwen, akabisha. Akabisha tena. Hakuna aliyefungua. Akaiacha sahani kizingitini. Akaendesha maili kumi na moja mpaka shambani. Loren alikuwa ameingia msituni kukaa na hasira zake. Akaiacha sahani barazani, akaiwekea jiwe juu mbwa wasiifunue.

Bernadine alimwona akirudi, jua linazama. Akamwuliza, "Ardis, wageni wameshakwenda?"

Akamjibu, "Wamekwenda. Lakini walikaa, Bernadine. Wote wawili walikaa. Dakika tisa."

Ndivyo alivyosema. Alizihesabu.

Loren aliikuta ile sahani. Aliniambia hivi: "Nilikula nimesimama barazani, kwa mkono, sikuingia hata ndani kutafuta uma. Nikasema kesho nitampigia nimwambie ahsante." Ijumaa saa tatu asubuhi alipiga. Simu ikaita. Akapiga tena. Hakujua kwamba Bernadine alishaingia kwa ufunguo wa akiba, na kumkuta Bi Ardis kwenye kiti chake sebuleni, amejifunika shali, moyo umesimama.

Jana, baada ya kutoka kaburini, tulishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula, kama ilivyo kawaida yetu. Kina mama walileta mikate ya nyama na vyungu vya tambi za kuoka. Nilikuwa nimekaa na Gwen. Loren alikuwa ukutani amesimama, kikombe mkononi, hanywi. Gwen akaanza kusema, si kwangu hasa, akitazama meza.

"Nilikuwa ndani," akasema. "Alipobisha, nilikuwa ndani. Nilimwona kupitia pazia. Nikamwona anahamisha sahani mkono huu kwenda mkono huu ili abishe vizuri. Nikasema ngoja aondoke, nitaongea naye hasira zikiisha."

Loren akaja. Akavuta kiti, akakaa kando ya dada yake. Akasema polepole, "Mimi nilimwacha baba dakika chache. Wewe umemwacha mama dakika chache. Sasa tuko sawa, Gwen."

Gwen akamtazama. "Ndiyo," akasema. "Tuko sawa."

Wasikilizaji wapendwa, mpaka sasa sijui kama lile lilikuwa pigo au msamaha. Nadhani hata wao hawajui. Hawakukumbatiana. Lakini Loren hakuinuka pale. Walikaa mpaka viti vingine vyote vikakunjwa, na kina mama wakaanza kufagia. Leo asubuhi nimemwuliza Gwen kama wamepatana. Akaniambia, "Tunaongea. Tunaongea habari za kufunga maji nyumbani kwa mama yasigande. Hayo mengine hatujui pa kuanzia, na aliyejua tumemzika."

Kwako Gwen, kwako Loren, kwako Bi Bernadine uliyempoteza jirani wa miaka arobaini, na kwa wote mliolelewa na sinia zake, sisi wa redio hii tunawapa pole. Pole sana. Mungu amlaze mama yetu mahali pema, na awape ninyi nguvu ya kuyasema hayo mengine.

Nasi tunaosikiliza tujiulize. Yuko mtu ambaye tumemwekea hasira akiba, tukiamini kesho atakuwepo tu. Huenda ni mzazi. Huenda ni ndugu wa tumbo moja. Sina hotuba ya kuwapa. Ninayo maikrofoni tu, na sasa naizima kwa dakika moja. Hamtasikia kitu, msidhani redio imeharibika. Simu zenu mnazo. Dakika hiyo ni yenu.