Konzi ya Mwisho ya Maman Bulonza

Mgeni rasmi, Bwana mkaguzi wa kilimo, karibu kwenye kilima chetu juu ya Bukavu. Utuwie radhi kwa matope. Tulifagia, mvua ikarudi.

HISTORIA

Maharage yetu tuliyapanda mchanganyiko: mekundu, meusi, ya njano, ya madoa. Haya yakishindwa na mvua, yale yanasimama. Kila mwanamke ana kikapu cha mbegu alichoachiwa na mama mkwe, na chini kabisa hubaki konzi moja isiyoliwa, hata njaa iwe kali vipi. Godelive, mke wa Marcellin, alirithi kikapu cha Maman Bulonza, mama mkwe wake, aliyezikwa mwisho wa shamba.

MAFANIKIO

Mwaka jana monita wa kilimo, msimamizi wa mashamba yetu, alituletea maharage meupe ya namna moja, akaamuru mbegu za zamani zipikwe zote. Tulitii, tukapongezwa. Godelive alisimama muda mrefu na ile konzi ya mwisho mkononi. Aliona haya kubaki peke yake nyuma ya wenzake, akaitia chunguni. Watoto walishiba, yeye hakula, alisema yananuka udongo wa kaburi. Monita alichukua chupa moja tu ya mbegu zetu za mchanganyiko, ya kuonyesha wageni. Iko kabatini, ofisini mjini.

MATATIZO

Mvua ya Septemba ilizidi. Maharage meupe yalioza mizizi kilima kizima, na mbegu hatuna.

Juu ya kaburi la Maman Bulonza, hata hivyo, iliota miche saba kwa mstari, shibiri kwa shibiri, kama alivyozoea kupanda. Godelive alidhani jirani anamtania. Kisha, mchana kweupe, akasikia kikapu kitupu kikichakarika mgongoni. Akakishusha, akatazama ndani, hamna kitu. Aliogopa sana, na sisi tuliokuwa naye tuliogopa.

Monita alimuuliza nani kapanda bila ruhusa.

“Miye sikupanda hapa,” alijibu, akionyesha kaburi la mama mkwe. “Ni maman njo iko anapanda.”

Maganda yalipokauka tuliyafungua pamoja. Yote yalikuwa matupu.

MAOMBI

Tunaomba ile chupa irudi kabla ya kupanda, yaani wiki mbili zijazo, na turuhusiwe kuchanganya tena. Konzi ya kwanza Godelive ataiweka chini ya kikapu, haitaguswa.

Jambo la mwisho halikuwa kwenye karatasi, tumeliongeza leo. Kiti chako tulikiweka jana, juu ya udongo tulioushindilia kwa miguu. Asubuhi hii tumekuta mche wa harage chini yake. Godelive ameutambua kuwa ni wa Maman Bulonza, ndiyo maana analia pale mbele. Hakuna aliyethubutu kuung’oa.

Tunakuomba, Bwana, uinuke polepole.

Mungu akufikishe salama ofisini, na akuongoze moja kwa moja hadi kwenye kabati.

Ni sisi,
Wakulima wa Kilima cha Juu, Bukavu, Februari 1957.
Imesomwa na Anaclet, katekista.