Mzigo Ulipita, Mimi Nikabaki

Ndugu zangu wa jumuiya, nimeambiwa muthokoi ulio jikoni bado ni mgumu, kwa hiyo niko na nafasi ya kusimama mbele yenu kabla ya chakula. Msiangalie sana mlango wa jikoni. Nikimaliza nitawaambia muthokoi huo umetoka wapi.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la saba. Lori lilipita barabarani limejaa ng'ombe, nikataka kujua wanapelekwa wapi. Nikajua. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimechonga mawe Lukenya, nimeuza mitumba Tala, nimechunga ngamia kaskazini, nimepika chapati Juba mpaka nikajua matusi yao yote. Kila ninapofika nauliza: hii ni nini, ile inaenda wapi, mbona nyinyi mnafunga mlango hivi na si vile? Mama yangu kule Kivaa akiulizwa niko wapi, alikuwa anajibu, "Huyo? Muulize dereva yeyote."

Nimevuka mipaka mingi pia. Na pote nilipopita kulikuwa na mtu. Unamsalimia, anauliza unaenda kutafuta nini, unamwambia, anashangaa, mnaongea. Hata akikukatalia, amekukatalia mtu, na kesho unaweza kurudi umwambie vizuri zaidi. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Sasa sikilizeni. Dada yangu mkubwa anaishi kwenye kisiwa kimoja upande wa Amerika, mahali ambapo Mkenya anaingia bila visa. Anapika hotelini. Ana binti wa miaka sita, na hapo nyumbani ni wao wawili tu. Mwaka huu madaktari walimwambia lazima apasuliwe tumbo, na hilo si jambo la kungoja. Akanipigia simu.

"Nataka mtu wa damu yangu alale na mtoto nikiwa hospitali," akasema. "Wengine wote wameshikwa na kazi. Wewe je?"

"Mimi sijashikwa na kitu."

"Basi leo hiyo ni habari njema."

Tulicheka, lakini niwaambie ukweli, nilipokata simu nililia. Miaka yote mimi ndiye wa kuulizwa, "Na wewe utatulia lini?" Leo nimetafutwa kwa sababu sijatulia. Nyinyi hapa mlinichangia tiketi, mkaniombea, mama mmoja akanishonea hata mfuko wa pasipoti wa kuvaa shingoni. Nilikuwa mtu wa maana, ndugu zangu. Nilitembea hapa Machakos mjini nikitaka watu waniulize ninaenda wapi.

Kijana aliyenitafutia tiketi aliniambia jambo moja. Akalirudia. "Hizi ni tiketi mbili za kampuni mbili, ndio maana ni nafuu. Hazijuani. Beba begi la mgongoni peke yake. Usikabidhi mzigo wowote." Nikamwambia sawa.

Halafu nikaenda Kivaa kuaga.

Mwaitu, mama yangu, alikuwa amekoboa mahindi ya muthokoi kwa kinu, mwenyewe, na magoti yake mnayajua. Muthokoi ulikuwa umejaa mfuko. Pembeni kulikuwa na ndengu, kunde, na chupa ya asali aliyoizungushia nguo tatu. Vyote vimo ndani ya begi kubwa la buluu, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Mwaitu, nimeambiwa nisibebe mzigo."

"Nani amesema?"

"Kijana wa tiketi."

"Kijana wa tiketi anaenda kumwona mgonjwa?"

"Hapana."

"Wewe unaenda kumwona mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Utaingia kwake mikono ikining'inia hivi?" Akanionyesha mikono inavyoning'inia.

Niambieni, ni nani kati yenu angeliacha lile begi? Inueni mkono. Mnaona? Hakuna.

Pale Nairobi dada wa kaunta aliangalia karatasi zangu kwa muda mrefu. "Hii tiketi inaishia Ulaya," akasema.

"Niko na ingine ya kutoka hapo." Nikampa.

"Visa ya kupitia unayo?"

"Nabadilisha ndege tu, dada yangu. Sitoki nje."

Akamwita mwenzake, wakanong'ona, wakapiga simu. Mwishowe akasema, "Kama hutoki nje, unaweza kwenda. Lakini begi lako litafika hapo kati tu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilielewa nini? Nilielewa kwamba nimeruhusiwa. Mimi ninayeuliza mpaka punda analala saa ngapi, siku hiyo sikuuliza kitu.

Tukaruka. Nikashuka kwenye uwanja mkubwa sana, sitautaja. Nikafuata mishale ya wanaobadilisha ndege mpaka kwenye dawati la kampuni ya pili, ndani kabisa, bila kutoka. Mwanamume wa hapo alichukua pasipoti yangu akaandika kwenye mashine, akauliza kama nina mzigo. Nikasema ndiyo, begi la buluu. Akaacha kuandika.

Nawaeleza kama nilivyoelezwa. Ukinunua tiketi moja ya safari nzima, begi lako wanalihamisha wao kutoka ndege hii hadi ile. Mimi nilikuwa na mbili zisizojuana. Begi langu lilikuwa limeshushwa, likapelekwa kule wanakochukulia mizigo watu walioingia nchini. Ilibidi nilifuate, nilichukue, nilikabidhi upya. Na kulifuata ni kupita kwa askari wa pasipoti, na kupita hapo ni visa.

Kwa ufupi, muthokoi wa mama uliingia Ulaya bila visa. Mimi nilikataliwa.

Chekeni, chekeni. Hata mimi leo nacheka. Siku hiyo nilikwenda pale kwenye pasipoti nikiwa na uso wangu wa mpakani, ule wa kusalimia watu. Nikamwambia askari, habari yako, ninaona begi langu, liko palepale. Na kweli nililiona! Kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo ule mkanda unaozungusha mizigo. Begi la mwaitu lilikuwa linazunguka peke yake na kamba yake ya katani. Linapotea, linarudi. Nikamwambia, nipe dakika chache, nisindikize wewe mwenyewe. Hakunitukana. Hakukasirika hata kidogo. Alisema "hapana, bwana" kwa upole, akatazama mtu aliye nyuma yangu. Nikamweleza habari za dada. Akasema pole, na hapana. Nikaona huyu naye hana la kufanya, kama mimi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nikawa nimesimama kando najisemea kwa Kikamba na Kiswahili, "Ngai wakwa, Mungu wangu, nifanye nini, nifanye nini." Mama mmoja aliyekuwa anasukuma kiti cha magurudumu kitupu akasimama.

"Ndugu, weye ni wa wapi?"

"Kenya."

"Mi ni wa Bukavu. Ninasukuma wazee humu. Una shida gani?"

Nikamweleza upesi. Akatazama ubao wa ndege, kisha begi nyuma ya kioo.

"Rudi kwa lile dawati. Sema hauna mzigo tena. Sema waitupe."

"Ni la mama."

"Mama yako iko mu ile begi?"

"Amekoboa mwenyewe."

"Ndugu yangu! Achana na ile begi, utakosa ndege!"

Ndugu zangu, nawaambia haya bila kujificha: sikusogea mara moja. Nililitazama likizunguka. Niliona magoti ya mwaitu. Nikajiuliza nitamwambia nini. Nikarudi kwa yule askari kumwomba tena, nikangoja foleni, akasema hapana tena. Ndipo nikakimbia. Nilipofika kwenye dawati nikasema, "Tupeni begi, nipeni njia." Yule mwanamume akaangalia mashine, akaniangalia. Ndege ilikuwa haijaondoka, lakini walikuwa wameshafunga orodha ya abiria.

Ilikuwa bado iko pale nje. Niliiona kupitia dirisha ikikaa tu, mlango umefungwa, hakuna anayeingia wala kutoka. Mtu mzima, nguvu ninazo, nauli imelipwa, na siwezi kufanya lolote ila kutazama. Halafu ikaanza kurudi nyuma polepole.

Mama wa Bukavu alinipa simu yake. Dada alipopokea nikamweleza yote: visa, begi, ndege. Akasema nisijali, jirani atamchukua mtoto. Lakini nyuma yake nilisikia mtoto akiuliza, "Mjomba amefika wapi?" na dada akamjibu, "Hayuko mbali." Hilo neno lilinimaliza.

Tiketi ya pili ilikuwa imekufa, na pesa ya kununua nyingine sikuwa nayo. Waliniketisha kwenye chumba cha viti na maji ya kunywa mpaka ndege ya kurudi Nairobi. Sikupigwa, sikutukanwa. Nilirudishwa tu, kama barua yenye anwani mbaya.

Na niliporudi sikuja kwenu. Sikwenda Kivaa. Nilishukia Lukenya, kwenye machimbo, nikaomba nyundo yangu ya zamani. Nilizima simu. Niliogopa kuwaona nyinyi mlionichangia na kunisindikiza kwa nyimbo. Niliogopa zaidi mama aniulize, "Asali ilifika?" Siku ya dada kupasuliwa nilichonga mawe kama mtu aliyelipwa na shetani. Sikujua kama yu hai.

Sasa kuna mama mmoja wa jumuiya hii, yuko hapa, simtaji, na asijifanye anafunga leso. Alisikia kwa watu kwamba kuna mwendawazimu Lukenya anachonga mawe haongei. Akajua ni mimi, akashangaa tu kwamba siongei. Alikuja na bodaboda mpaka chini kwenye shimo, na viatu vya kanisani, vumbi mpaka kwenye nywele.

"Wakya," akanisalimu, kama tumekutana sokoni.

"Aa," nikaitikia.

"Dada yako ametoka chumba cha upasuaji. Anapumua. Atakaa hospitali muda mrefu."

Nikakaa chini. Nilitaka kumweleza habari za visa na begi. Akainua mkono.

"Hayo tumeyasikia kwa dada yako. Wewe ulisema unaenda kukaa na mtoto, si ndiyo?"

"Nilizuiwa, mama."

"Sijauliza kama ulizuiwa. Nauliza mtoto. Mtoto bado yuko, ama hayuko?"

"Yuko."

"Basi washa simu."

Niliiwasha, akanipa nambari ya jirani wa dada, nikapiga simu ya video. Ilikuwa mchana kwetu na asubuhi kwao, jirani alikuwa anamchana mtoto nywele kabla ya shule. Picha ikatokea, uso mdogo na kitana kimesimama kichwani. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu.

"Mjomba, hayo mawe yote ni yako?"

"Si yangu."

"Ni ya nani? Na yule wa kofia anapiga jiwe gani? Mbona halivunjiki?"

Ndugu zangu, nilijiona. Damu ni damu. Nikamwita yule wa kofia, akamwonyesha jiwe linavyotafutwa mshipa, ule mstari linapopasukia, kabla ya kupigwa. Mtoto akaamuru, "Mwambie apige tena." Akapiga. Wanaume wote wa shimoni wakaacha kazi wakasogea. Msimamizi akapiga kelele, akaja kuona ni nini, naye akaamriwa apige.

Kila mchana ikawa hivyo, mpaka dada akatoka hospitali. Nilimwamsha, nilimsimulia ngamia na Juba, nilimwonyesha mjusi, nilimwimbia akivaa viatu. Sikuwahi kumshika mkono. Akilia usiku wa kwao, aliyemfuta machozi ni jirani, si mimi. Hilo bado linaniuma, na sitawadanganya kwamba simu ni sawa na mtu. Lakini dada anasema asubuhi hospitalini alikuwa anatulia, kwa sababu alijua saa hiyo mtoto anacheka.

Namshukuru jirani wa kule ambaye sijamwona. Namshukuru mama wa Bukavu. Nawashukuru wanaume wa Lukenya, na nyinyi ambao hamkuniuliza tiketi yenu ilienda wapi. Na huyu wa leso, Mungu amwongezee viatu vingine vya kanisani.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikwambia "umeelewa?" na hujaelewa, sema hujaelewa, hata kama watu nyuma yako wanakohoa. Na ukizuiwa usifike kwa mtu, usizime simu. Mimi nilizuiwa uwanjani siku moja. Siku zilizofuata, za Lukenya, nilijizuia mwenyewe.

Dada anakuja Desemba na mtoto, kwa tiketi moja ya safari nzima. Nimeuliza maswali mpaka yule kijana amenikataza kumpigia.

Sasa, muthokoi. Juzi nilipigiwa simu kutoka uwanja wa Nairobi, kuna begi la buluu limerudishwa, jina ni langu. Nikalipeleka Kivaa kama mtu anayepeleka kesi. Mwaitu akakagua fundo la kamba, akaona ni lake, halijafunguliwa. Akatikisa kichwa.

"Limefika Ulaya na likarudi?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Basi halina tofauti na wewe," akasema. "Lipeleke kwa waliokusindikiza, wapike wale."

Ndio huo unaochemka jikoni. Asali tumemwekea mtoto.