Chanuo Aliyekwama kwenye Jina la Nne

Wasikilizaji wapendwa, siku nitakayowasimulia mjinga alikuwa kinyozi wetu, na alikiri mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. "Mdomo wangu umenikata kuliko wembe," alizoea kusema.

Kinyozi tuliyemwita Chanuo hatunaye. Jana asubuhi alifungua duka, akafuta kioo, akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakuinuka tena. Aliyeitania barabara nzima ameondoka bila kuaga, na hadi sasa tumeduwaa.

Lakini Chanuo mwenyewe aliwahi kuduwaa kutushinda. Ilikuwa wiki ya harusi ya binti yake. Alikuwa anamnyoa shemeji yake, dereva wa lori, huku akijisifu kama kawaida.

"Mimi, shemeji, ni mtu wa watu."

"Mtu wa watu? Haya, taja kumi uliowafaa."

"Kumi tu?" Akamtaja jirani mgonjwa aliyemfuata wodini na mashine ya kunyolea, akamnyoa kitandani. Akamtaja mjane wa fundi bomba. Akamtaja mpangaji aliyefukuzwa, ambaye alimlaza dukani hadi alipopata chumba. Mashine ikabaki inanguruma hewani. Wa nne hakuja.

"Nakusubiri," shemeji akasema. "Na nusu ya kichwa changu inakusubiri."

Wateja wakaangua kicheko. Chanuo hakucheka. Alimaliza kichwa kile bila neno, nao wakaanza kutazamana. Chanuo, kimya?

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda, koti la kazi bado mwilini. "Mama watoto," alimwambia mkewe, "kumbe mimi ni mchoyo. Miaka yote hii nimejidanganya. Watatu tu! Mwambie kaka yangu ndiye ampe binti nasaha siku ya harusi. Mimi nitamfundisha wema gani?"

Binti yake alikuwa mlangoni. "Niliyasikia yote," ametuambia. "Nilitaka maneno ya baba. Ya baba mkubwa ningeyasikia siku yoyote."

Watatu walimjia akilini mbio, wasikilizaji. Wa nne alichelewa. Na kwa kuchelewa huko tu, mtu akajihukumu maisha mazima. Wewe unayejipekua moyoni leo ukaambulia patupu, hebu jiulize: wema ndio haupo, au kumbukumbu ndiyo imechoka?

Kwa mama watoto, kwa binti, kwa shemeji ambaye tangu jana hataki kunyolewa na mtu mwingine: poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Na harusini Chanuo alizungumza, hadi mpiga picha akaweka kamera chini asikilize. Alizungumza kwa sababu jioni ile mkewe hakumbembeleza. Aliendelea kukunja nguo, akamwambia, "Nitajie vichwa kumi ulivyonyoa mwezi uliopita."

Chanuo akataja vitatu. Akakwama.

"Basi hata kinyozi si wewe," mkewe akasema. "Rudisha mashine za watu."