Kanda Sitini na Tatu za Mwita Nyamhanga

Wachungaji, ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Brooklyn Park katika baridi hii, familia imemwomba Naftali Nyamhanga, mdogo wa marehemu aliyewasili Jumatano kutoka Tarime, asome historia hii, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba marehemu asisifiwe kuliko alivyokuwa, maana angekuwepo angekuwa wa kwanza kuguna.

Dkt. Zachariah Mwita Nyamhanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha Nyamwaga, Tarime, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akaanza shule ya msingi hapohapo mwaka 1957, kisha akaenda sekondari Musoma, ambako kila Jumamosi jioni alijibanza dirishani kwa mwalimu mmoja mwenye redio kusikiliza muziki wa kantri, akashangaa, kama alivyopenda kusimulia, kwamba kumbe hata Wazungu wanalia kwa ajili ya ng'ombe na wanawake.

Mwaka 1974 alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapangiwa kufundisha muziki Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, na kila likizo alizunguka vijijini na redio kaseti begani akirekodi nyimbo za kusaga, za kulima, na za wapigaji wa iritungu, ile ala ya nyuzi nane ya Wakurya. Mwezi Juni 1976 mzee mmoja alikatisha wimbo katikati alipomwona anaandika jina lake, akidhani ni karani wa kodi, akabeba ala yake akaingia ndani na hakutoka tena. Tangu siku hiyo marehemu hakuandika jina la mwimbaji yeyote, juu ya kanda aliandika tarehe na chakula alichokaribishwa, basi, majina akayaweka kichwani. Wenzake walimwonya wee mpaka wakachoka, lakini Mwita alikuwa Mwita, akishasema amesema.

Agosti 1980 alikuja Minneapolis kusoma, akiendesha basi la shule huko Saint Louis Park ili ajikimu, na mwaka 1987 akatunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti uliolinganisha nyimbo za wakulima wa Mara na zile ambazo wakulima wa Minnesota huzipiga kwa banjo na fidla, akaajiriwa kufundisha katika chuo kimoja cha Saint Paul hadi mwaka 2006. Huku nako ukaidi ulikuwa uleule, ndiyo maana kuna kanda iliyoandikwa "Pai ya tufaha, Oktoba 1985" na nyingine "Samaki na viazi, nikaongezwa". Zilifika sitini na tatu.

Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na Peris Kerubo, nesi kutoka Kisii, ambaye mpaka leo anasema alikubali ili jamaa aache kumwimbia mlangoni majirani wasije kuita polisi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rhobi, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1985 na kupewa jina la bibi yake mzaa baba, aliyekuwa amefariki miaka minne kabla, na Ken, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1988. Rhobi baba yake alimwita Mama tangu siku ya kwanza, hata alipokuwa akimkaripia. Mwaka 1994 familia ilihamia Champlin, na kanda zikapewa chumba chao, Ken akalala sebuleni mwaka mzima.

Tarehe 9 Novemba 2006 marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakamwisha kabisa. Familia iliumia, na iliumia mara mbili, kwa kuwa sasa majina ya watu wote wale yalikuwa yamefungiwa ndani ya kichwa kisichoweza kusema. Lakini Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2007 Rhobi, ambaye Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza, alimwekea baba yake kanda moja ya fidla ili apitishe muda, na jamani, yule mzee ambaye hakuweza kuomba hata uji akaimba, kwa sauti ya wimbo uleule, jina zima la mpigaji. Rhobi akakimbilia daftari. Marehemu akaliziba kwa mkono mzima, kichwa kigumu mpaka hapo, hadi Peris alipomwambia kwamba karani wa kodi alishakufa siku nyingi, na kama anataka waimbaji wake nao wafe mara ya pili, basi aendelee kuziba. Akauondoa mkono.

Kila Jumamosi kwa mwaka mmoja Rhobi aliendesha gari kutoka Saint Louis Park, anakoishi, kwenda kuandika majina, wakafikia sitini na mawili. Ikabaki kanda moja, "Viazi vitamu na maziwa ya mgando, Agosti 1977", mwanamke anaimba huku akisaga. Jumamosi tatu mfululizo marehemu aliuimba wimbo wote mwanzo mpaka mwisho, jina hakuimba, akawa anamnyooshea Rhobi kidole tu, naye Rhobi akajua baba ana kiu, akamletea maji.

Ijumaa ya tarehe 22 Februari 2008, saa kumi alasiri, marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Champlin, na Rhobi alilia zaidi kwa sababu aliona amemwacha mtu mmoja bila jina.

Naftali alipofika Jumatano aliwekewa kanda hiyo kabla hata hajavua koti, na ubeti wa kwanza haukuisha, akakaa chini akalia, kwani ilikuwa sauti ya mama yao. Alipoulizwa jina naye akashindwa, maana kwetu mtoto hamtaji mama yake kwa jina, hata awe na mvi, akafanya alichofanya kaka yake, akamnyooshea Rhobi kidole. Binti akachukua kalamu, na juu ya kanda ya sitini na tatu akaandika jina lake mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Champlin waliozoa theluji mlangoni bila kuombwa, walimu wenzake wa Saint Paul, Wakenya na Watanzania mliopika na kukesha nasi, na wote ambao mlimkaribisha mezani mkamwimbia.

Mwita, mtoto wa mama, Rhobi amekusikia. Maji umeshakunywa ya kutosha, sasa pumzika kwa amani.