Kichwa cha Arobaini cha Joka la Ngan Shek

Ndugu, majirani na wavuvi wa Ngan Shek mliofika kumsindikiza, haya ni maisha ya Lai Tai-hei, yaliyoandikwa na mumewe, Mwalimu Yung Pak-kin, na yanayosomwa na mwana wao Cheuk-man, kwa kuwa mwandishi ameomba asisimame mbele yenu leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, ndani ya mashua ya baba yake, Mzee Lai Kam-shui, ikiwa imetia nanga katika ghuba hii hii, akawa mtoto wa pekee. Alisoma shule ya watoto wa wavuvi kuanzia Septemba 1964 hadi Julai 1968, akaishia darasa la nne, kwa sababu mama yake alifariki mwaka huo na mashua ilihitaji mtu wa pili. Alivua na baba yake miaka kumi na miwili, kisha mwaka 1980 wakahamia nchi kavu, naye akaanza kusaga uduvi kwa chumvi na kuuanika, kazi aliyoifanya hadi mwaka huu, na wengi wenu mnalo kopo lake jikoni hata sasa.

Alikutana na mumewe tarehe 2 Septemba 1981, siku mwalimu huyo alipoletwa kufundisha kemia katika sekondari ya kisiwani, akateleza kivukoni na kutumbukia majini pamoja na vitabu vyake, na binti aliyemvuta kwa upondo akamwambia, "Mwalimu, miaka kumi na sita darasani, hakuna aliyekufundisha kushuka mashuani?" Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili, Cheuk-man mwaka 1984 na Sze-wan mwaka 1987.

Joka letu, kama mjuavyo, husukwa upya kila mwaka kwa majani na henzirani, huchomekwa vijiti vya udi mwili mzima, huchezwa jioni tatu za katikati ya mwezi wa nane wa kalenda yetu ya mwandamo, kisha hutoswa baharini pamoja na maradhi liliyoyakusanya milangoni, na kichwa chake husukwa na watu wa ukoo wa Lai peke yao. Mzee Lai alipopooza mkono wa kulia mwaka 1983, hakuwa na mtoto wa kiume, wala mwanamke hakuwa amewahi kuruhusiwa kuligusa joka, na wazee walibishana siku mbili, mpaka Shek Fuk-loi, ambaye wakati huo alikuwa kijana mbeba kichwa, alipowaambia, "Jamani, joka ni kipofu mpaka lichorwe macho, na macho huchorwa mwisho, sasa litajuaje aliyelisuka amevaa suruali au sketi?" Wazee wakacheka, wakakubali. Tangu mwaka huo hadi 2023, ukiondoa miaka miwili ya ule ugonjwa wa dunia nzima, marehemu alisuka vichwa thelathini na tisa, na vyote viko chini ya bahari.

Tarehe 11 Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, iliyokwisha kufika kwenye ini, na daktari aliwaambia wote wawili, bila kuwazungusha, kwamba imebaki miezi. Mumewe alisoma kila alichoweza kusoma, akaziandikia hospitali tatu za mjini, na zote tatu zikamjibu kwa adabu jambo lile lile.

Marehemu aliomba kitu kimoja tu, joka lije limwinamie mlangoni mara tatu, kama linavyowainamia wagonjwa wote wa kijiji, lichukue maradhi yake liende nayo. Lakini sheria ya Ngan Shek, isiyoandikwa popote na inayojulikana na kila mtu, ni kwamba joka halimwinamii aliyelisuka kichwa, kwani huyo ni mzazi wake, na mtoto hachukui kitu mwilini mwa mzazi akakitose. Tarehe 20 Agosti Mzee Shek, ambaye sasa ndiye mkuu wa wachezaji, alikuja nyumbani, akakaa na kofia mapajani, akasema, "Dada Tai-hei, ukisuka, siwezi kukuinamia. Usiposuka, hatuna joka, na kuna wagonjwa kumi na mmoja wanalingoja. Niambie nifanyeje." Marehemu akamjibu, "Kwanza kunywa chai, inapoa. Kisha atasuka huyu mwalimu. Ameoa kwetu, naye ni Lai kidogo."

Mumewe, ambaye hakuwahi kuamini kwamba majani hubeba saratani, na mpaka leo haamini, alisuka kwa siku ishirini na nne, huku mkewe akimwelekeza kwa maneno matupu, mikono ameificha chini ya shuka isije ikamponyoka. "Vuta. Vuta, mwalimu, hushoni kifungo cha shati." Na siku nyingine, "Hilo ni joka au tenga la bata?" Tarehe 14 Septemba lilibaki taya la chini, akalifunga mara sita na likafunguka mara sita. Saa kumi alasiri alikwenda kivukoni kupokea dawa ya maumivu, akakawia dakika arobaini, na aliporudi taya lilikuwa limekaza, na vidole vya marehemu vilikuwa vinatoka damu.

Alimuuliza kwa nini. Akasema, "Lingedondoka njiani. Na wale kumi na mmoja je?"

Mumewe alimwambia kwamba fundo moja si kichwa, akamsihi anyamaze, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na moja ya ndoa alimwomba aseme uongo. Mzee Shek alipokuja kuchukua kichwa aliuliza, kama desturi inavyotaka, "Mkono wa nani?" Mumewe akajibu, "Wangu." Marehemu akasema kutoka kitandani, "Taya ni langu, Fuk-loi." Mzee Shek akajifuta macho kwa mkono wa shati, akabeba kichwa akatoka.

Jioni ya tarehe 16 Septemba joka lilifika mlangoni kwao, na mumewe alikuwa amesimama hapo na vijiti tisa vya udi, kwa kuwa mkewe alimwomba asimame. Ngoma zilipungua, wabebaji wakalegeza mwendo, baadhi yao wakageuza nyuso, na joka likapita. Liliinama mara tatu kwenye mlango uliofuata, kwa Bi Cheng mwenye pumu. Marehemu, aliyekuwa ameketishwa dirishani, alisema, "Taya limeshika."

Alifariki nyumbani tarehe 2 Novemba 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi saba na siku kumi na tisa. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na hilo tu ndilo lililokuwa katika uwezo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuwadanganya, majirani walioleta uji wa samaki kila asubuhi bila kugonga mlango, na akina mama wa uduvi waliofanya zamu zake kwa miezi mitano. Inamshukuru Mzee Shek na wabebaji wake. Mumewe anajua kwamba baadhi yenu hamjaweza kumtazama tangu Septemba, naye anawaomba mmtazame, kwa kuwa hamkuvunja kitu, mlishika sheria ambayo mkewe mwenyewe aliishika. Wagonjwa wote kumi na mmoja wako hai, na saba wamekuja hapa, wawili kwa mikongojo. Mumewe alitaka kuwaandikia neno la kuwafaa, akaandika na kufuta mara nyingi, na lililobaki ni hili, kwamba anafurahi kuwaona, na kwamba kuwaona kunamuumiza, na hajui afanye nini na mambo hayo mawili.

Lala, Tai-hei. Amani iwe nawe huko, maana kwetu bado haijafika.