Taa Zinawaka, Waifai Hakuna

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya meza ya fundi viatu, chini ya jengo la ghorofa mbili ambamo fundi huyo huyo anaishi. Kuanzia saa mbili asubuhi wenye benchi lao huwa wameshakaa. Yupo Kamera, mpiga picha za pasipoti mwenye kibanda cha jirani na mdomo usio na breki. Yupo Mzee Hakika, mpima ardhi mstaafu ambaye hajasema "sijui" tangu astaafu, na wanaomfahamu wanasema hata kabla ya hapo hakuwahi. Na yupo Mama Birika, anayewauzia kahawa na kuwakatiza wote wawili. Fundi wanamwita Gundi, kwa kuwa kila kilichoachana yeye hudai kitashikana. Asubuhi hiyo Gundi alikaa nyundo mkononi na kiatu hakuna.

— Gundi, unagonga goti lako, — Mama Birika alimwambia.

— Nimeua ruta.

— Ruta ndiyo nani?

— Si kile kidude cha intaneti, mama! — alidakia Kamera. — Kile kinacholeta waifai mpaka hapa kwenye benchi.

Mambo yalikuwa hivi. Mke wa Gundi ni mkalimani wa lugha ya alama. Anafanya kazi nyumbani kwa video: kiziwi upande huu, daktari au mwajiri upande ule, yeye katikati. Video ikiganda, mkono unabaki hewani na neno limekatika. Ruta yao ilikuwa imechoka. Kampuni iliyoiunda ilishaacha kuitengenezea programu, ikawa inakata kila baada ya dakika kadhaa. Jana ilikata mpaka mkewe akalia. Na leo, saa nne kamili, mama mmoja kiziwi ambaye mke wa Gundi amemtafsiria kwa miaka mitatu alikuwa anakwenda kuelezwa na daktari habari za upasuaji wake. Mama huyo alishasema wazi kwamba bila mkalimani yule hasaini karatasi yoyote.

Basi Gundi, kwa mapenzi na ujinga kwa pamoja, aliazima kompyuta ya Kamera, akangoja mkewe awapeleke watoto shule, akaifuta programu ya kiwandani na kuweka programu huria, zile zinazoandikwa na watu wa kila nchi na kutolewa bure. Iliingia bila shida. Ruta ikajizima, ikajiwasha, taa zikawaka zote ila moja. Akachomoa waya, akashika simu kutafuta waifai. Hakuna. Alipomaliza kuwasimulia haya ilikuwa saa tatu na nusu.

— Mkeo anajua? — Kamera aliuliza.

— Amerudi sasa hivi. Anapiga pasi blauzi nyeusi, ile ya kazini, ili mikono ionekane vizuri.

— Mwambie umeme umekatika.

— Na hiyo pasi anaipasha kwa nini, kwa pumzi? — Mama Birika alisema.

— Basi atumie bando la simu.

— Chumba kile simu inashika mstari mmoja, tena wa kuombaomba, — Gundi alijibu.

— Achomeke waya.

— Anatumia tableti. Haina tundu la waya.

Mzee Hakika akakohoa, dalili kwamba amefikia uamuzi.

— Hakika, kosa ni hilo neno bure. Programu haina mwenyewe. Ruta imeamka, imeuliza nimtii nani, hakuna aliyeitika.

— Mzee, ina wenyewe zaidi ya elfu! — Gundi alisema.

— Mbaya zaidi! Wewe ukipewa amri na watu elfu kwa mpigo utafanyaje? Si utanyamaza?

Kwa jinsi alivyochanganyikiwa, Gundi aliona maneno hayo yana ukweli ndani yake, na hilo likamtisha kuliko ruta yenyewe.

— Mimi nasema haijanyamaza, — Kamera alisema. — Inatoa waifai, tena nzito, ila inapita juu ya vichwa vyetu.

— Inakwenda wapi?

— Kwa hao walioiandika. Kwako sasa ni kituo chao, ndugu yangu. Wewe umelala, wao wanavuta.

— Antena umezielekeza wapi? — Mzee Hakika aliuliza.

— Ukutani.

— Ndiyo hiyo! Zinataka kaskazini. Nimepima ardhi miaka thelathini, siambiwi kitu.

— Umepima ardhi, mzee. Hii ni hewa, — alisema Mama Birika.

— Na hewa imekaa juu ya nini?

Kamera alilikwepa swali hilo kwa kusogea karibu na Gundi na kushusha sauti.

— Nikwambie ukweli? Kampuni imekuona. Ulipofuta programu yao, kengele imelia kiwandani. Wamekuzimia kutoka huko huko. Saa hizi kuna satelaiti inazunguka na jina lako.

— Jina langu lipi?

— Gundi.

— Hata mkewe hamwiti hivyo, satelaiti ndiyo ilijue? — Mama Birika akacheka.

Gundi hakucheka. Juu yao dirisha lilifunguliwa, na sauti anayoijua vizuri ikashuka.

— Baba watoto! Mbona waifai siioni?

— Inakuja! — aliitika, na sauti ikamtoka nyembamba mpaka Mzee Hakika akamwonea huruma.

Alikuwepo mwanamke mmoja aliyesimama kando, amevaa ovaroli, kiatu kimoja mguuni na cha pili mkononi, soli inaning'inia. Alikuwa fundi wa lifti wa jengo la pili, na kwa muda mrefu alikuwa anangoja mtu amkaribishe.

— Samahanini. Hiyo waifai yenyewe, mmeiwasha?

— Ruta inawaka, dada, — Kamera alisema. — Taa zipo.

— Siulizi ruta. Nauliza waifai.

Kamera akamtazama Gundi, Gundi akamtazama Mzee Hakika, na Mzee Hakika akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

— Programu huria nyingi zinakuja waifai ikiwa imezimwa, — yule dada aliendelea. — Makusudi kabisa, asije akaingia mtu kabla hujaweka nywila. Unaingia kwa waya, unaiwasha mwenyewe.

— Kwa hiyo haijafa? — Gundi aliuliza.

— Haijafa, kaka. Inakungoja wewe.

Kompyuta ilikuwa mapajani mwa Kamera muda wote ule, imewekewa kikombe juu. Gundi aliinyakua, kikombe kikaenda zake, naye akapanda ngazi mbilimbili huku sauti ya yule dada ikimfuata:

— Jina lile lile la zamani na nywila ile ile! Tableti itajiunga yenyewe!

Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, blauzi nyeusi imenyooka, tableti kifuani. Gundi alipiga magoti mbele ya ruta.

— Nimebadilisha programu ya ruta.

— Leo?

— Leo.

— Leo leo?

Mkewe alitazama saa kwenye tableti, na Gundi angependa zaidi atukanwe. Alichomeka waya, akaandika ile anwani ya tarakimu ya kuingilia ruta, ukurasa ukafunguka. Akatafuta mpaka akapaona penye waifai, na pembeni pameandikwa: imezimwa. Tangu ajue kusoma hakuwahi kulipenda neno kama alivyolipenda hilo. Akabonyeza. Akaandika jina, akaandika nywila mara mbili kwa vidole vilivyojaa gundi, akahifadhi. Ile taa iliyobaki ikawaka.

Tableti ikalia. Kwenye kioo akatokea mama mmoja aliyevaa gauni la hospitali, macho makubwa ya woga, mikono yake imeshaanza kusema. Ilikwenda, ikarudi, ikapinda, ikafunguka, na haikuganda hata mara moja. Mikono ya mkewe ikamjibu, na yule mama akashusha mabega. Kisha mkono mmoja wa mkewe ukaachana na kioo, ukamnyooshea Gundi kidole, ukaonyesha mlango. Mambo ya mgonjwa hayasikilizwi na mume wa mtu.

Alitoka, akaufunga mlango taratibu, akasimama koridoni akijifuta macho. Alijua jioni yake itakuwa ndefu na yenye maelezo mengi. Hakujali.

Chini walikuwa wamesimama wote, hata Mzee Hakika na magoti yake.

— Vipi? — Kamera aliuliza.

— Amenifukuza.

— Amekufukuza!

Kamera alimrukia, Mzee Hakika akampa mkono akisema hakika, hakika, na Mama Birika akammiminia kahawa ya mwisho ya birika bila kuulizwa. Hata dada wa lifti alicheka, kiatu kikimpepea mkononi. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kandambili zake ndiye aliyebaki ameduwaa.

— Jamani, mtu kafukuzwa nyumbani kwake, nyinyi mnampongeza nini?

Gundi alifungua mdomo kumweleza, akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.