Mstari wa Babu Chaki Uliovuka Ukuta

Baada ya miaka thelathini na mmoja kiwandani, fundi wetu wa mabomba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wote tunamwita Babu Chaki. Hagusi bomba kabla ya kuchora njia yake sakafuni kwa chaki, na wafagiaji wameshachoka kulalamika.

Aliingia kama kibarua wa kuzibua mitaro. Akajifunza kuchomelea, akawa fundi, kisha msimamizi wa zamu. Mifuko ya sare yake haijawahi kutakata. Sisi wafuaji wa sare ndio tunaojua.

Mwaka juzi kiwanda kilianza kuandaa mfumo wa kutunza mazingira. Kamati ilitakiwa kwanza iandike mfumo huo unaanzia wapi na unaishia wapi. Ikaandika: ndani ya ukuta. Basi, imetoka hiyo. Kumbe banda letu la kufulia liko nje ya ukuta, hatua ishirini tu, na sare zote zenye grisi na rangi huletwa huko. Maji machafu yalipita kwenye mtaro wazi, mbele ya kibaraza wanapocheza watoto wetu. Wangu alikuwa anatambaa, miguu vipele vitupu, na mimi kutwa kumtoa mtaroni.

Babu Chaki hakubishana na mtu. Aliwaomba wanakamati wamfuate. Akaanza mstari kwenye bomba la kwanza ndani ya kiwanda, ameinama na mgongo wake ule mbovu, akaupandisha ukutani, akazunguka getini, akaushusha upande wa pili hadi kwenye beseni langu. Mwenyekiti akamtania kwamba kwa mwendo huo atafika hadi kwa wakwe zake. Babu akamjibu kwamba sare zilizomo kwenye beseni hilo zina jina la kiwanda, si la wakwe. Wakacheka, halafu wakarudi mezani.

Waraka uliandikwa upya, na banda likaingia. Tukapata tangi la kuchujia na mtaro wenye mifuniko. Mfuniko wa mwisho Babu aliuweka kichwa chini, vishikio vikatazama majini. Tulimcheka hadi machozi, naye akacheka kuliko sisi.

Leo mwanangu anakimbia juu ya mifuniko ile, miguu laini. Mvua ikiufuta mstari wa ukutani, sisi wafuaji tunauchora tena.

Asante, Babu yetu. Kaunyooshe mgongo, na wajukuu wakufichie chaki. Maisha mema yakupokee huko nje ya ukuta. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba huko nako ni kwetu.